Tairi la mbele halina bekapu: acheni kuhesabu gramu

Najua wengi wenu mmekuja hapa mkitafuta sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira, na hasira zenyewe zinahusu mpira. Si ule wa Gor na Ingwe, bali mpira wa tairi, na hasa tairi la mbele la baiskeli ya milimani.

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana sitaki kuwarukia wengine kabla sijajirukia mwenyewe. Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu kama mimi, alinunua baiskeli yake ya kwanza ya milimani akaniuliza aweke matairi gani. Mimi, mtaalamu wa kujitangaza, nilimjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye tarakilishi: "Weka membamba, mepesi, yale ya 2.1, mbele na nyuma sawa. Ujaze upepo vizuri. Utapanda Ngong kama swara."

Akafanya hivyo. Na kweli alipanda kama swara. Kushuka ndiko kulikomshinda. Kulikuwa na kona ya kushoto, ardhi ngumu iliyokauka, na changarawe ndogo juu yake kama mtama uliomwagwa sakafuni. Hakuwa anaenda mbio. Nilikuwa nyuma yake, kwa hivyo niliona kila kitu: gurudumu la mbele lilichomoka kuelekea nje kana kwamba mtu amelivuta kwa kamba, naye akatua kwa bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Kwa wiki sita aliandika msimbo kwa mkono mmoja. Hospitalini mamake alinitazama akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, si wewe ndiye huwa unamwelekeza mambo ya baiskeli?" Nikabaki kuangalia viatu vyangu.

Baada ya hapo nilifanya lile ambalo ningepaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Nililichukua lile tairi nikampelekea mzee mmoja fundi wa baiskeli mtaani kwetu, mtu ambaye ametengeneza Black Mamba nyingi kuliko programu zote nilizowahi kuandika. Hakuangalia jina la kampuni. Hakulipima uzito. Alibonyeza jino moja la tairi kwa ukucha wa kidole gumba, akaachilia, akanirudishia.

"Kijana wangu," akasema, "hii ni kwato."

Makala haya yote ni maelezo marefu ya neno hilo moja.

Kosa la kupima kinachopimika kirahisi

Wale mlionunua tarakilishi miaka ya 2000 mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukidanganywa na megahertz. Nambari ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku, basi kila mtu akawa anaifuata, wakati kilichokuwa kikiikwamisha mashine ni kumbukumbu ndogo. Gramu ndizo megahertz za baiskeli. Tairi likiwekwa kwenye mizani linatoa nambari papo hapo. Nambari inalinganishwa, inasifiwa, inapigwa picha. Lakini uwezo wa tairi kushika ardhi hauna mizani dukani, kwa hivyo hakuna anayeuuliza.

Nilimuuliza muuzaji mmoja hapa mjini, duka sitalitaja: "Tairi hili ni la mchanganyiko gani wa mpira?" Akanijibu, "Boss, tairi ni tairi. Hii ni light, na bei ni poa." Nikamwonyesha kwamba kampuni hiyo hiyo hutoa tairi lenye jina hilo hilo na meno yale yale kwa michanganyiko mitatu tofauti ya mpira. Akashangaa kwa dhati. Simlaumu sana yeye, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Nawalaumu wanaojua, wanaoagiza mzigo, na ambao huagiza ule mgumu kwa sababu ni rahisi na haurudishwi dukani kwa malalamiko kwamba umekwisha haraka.

Kwa nini mbele?

Mliofanya kazi na seva mnajua kitu kinachoogopwa kuliko vyote: sehemu moja ambayo ikianguka, kila kitu kinaanguka. Kwenye baiskeli, sehemu hiyo ni tairi la mbele. La nyuma likiteleza, unayumba, moyo unaruka, unaweka mguu chini, unaendelea na safari na hadithi ya kusimulia. La mbele likiteleza, mwelekeo umepotea na mara nyingi uko chini kabla hujajua. Halina bekapu.

Isitoshe, ukifunga breki uzito wako unahamia mbele. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ndiyo maana tairi la mbele hupewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kusimamisha na kugeuza. Tairi la nyuma lina kazi ya kusukuma na kubeba, na mtu akiwa ameketi ndilo hubeba sehemu kubwa ya uzito.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo inayovunja hoja ya "tairi laini litanichelewesha". Upinzani wa tairi linapoviringika hupanda pamoja na uzito linaobeba. Kwa kuwa la nyuma hubeba zaidi, tairi zito na linalonata likiwa nyuma linakugharimu zaidi ya likiwa mbele. Kwa maneno mengine, mbele ndipo mahali ambapo mshiko unauzwa kwa bei ya chini kabisa na ndipo unapohitajika zaidi. Ni biashara nzuri mno, na bado watu wanaikataa ili matairi yafanane kwenye picha!

Desturi ya huku kwetu ni kuweka tairi jipya nyuma na lile lililochakaa mbele. Najua ilikotoka. Ukiwa na Black Mamba iliyobeba gunia la viazi au mitungi ya maji, tairi la nyuma ndilo linaloteseka, kwa hivyo jipya linaenda huko. Hata watengenezaji wengi wa matairi ya magari hushauri mapya yawekwe nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Lakini gari lina magurudumu manne na halianguki ubavu kwa sababu tairi moja la mbele limeteleza. Sheria ya gunia la viazi na sheria ya gari zote mbili ni nzuri kwao. Si sheria za kushuka mlima kwa magurudumu mawili.

Kwanza, mpira wenyewe

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kifaa kiitwacho durometa. Kwa matairi hutumika kipimo cha Shore A, kinachoanzia 0 hadi 100. Nambari ikiwa ndogo, mpira ni laini. Maxxis, kwa mfano, waliwahi kuuza tairi lao la Minion kwa mpira wa 60a na kwa mpira wa 42a waliouita Super Tacky. Meno yale yale, jina lile lile, lakini matairi mawili tofauti kabisa ukifika kwenye jiwe lenye maji. Na kama mnataka ushahidi kwamba watengenezaji wenyewe wanajua mbele si nyuma, angalieni majina: DHF ni ya mbele, DHR ni ya nyuma. Continental nao walipotoa Kryptotal mwaka 2022 waliweka Fr na Re kwenye jina lenyewe. Sijui tunataka waandike kwa lugha gani tena.

Lakini ugumu si hadithi nzima. Kuna suala la jinsi mpira unavyorudi baada ya kubonyezwa. Ule msuguano tuliofundishwa shuleni, wa kipande cha mbao juu ya meza, hauelezi mpira vizuri. Mpira hushika kwa njia mbili. Ya kwanza, unagandamana na uso wa jiwe au mzizi. Ya pili, unajibonyeza kuzunguka vijiwe na mikwaruzo ya ardhi, na kwa kuwa unachelewa kurudi katika umbo lake, unapoteza nguvu pale pale na hivyo unang'ang'ania. Mpira unaoruka haraka kama mpira wa tenisi huviringika kwa wepesi lakini hung'ang'ania kidogo. Mpira mvivu, ule unaorudi polepole, hushika zaidi lakini hukugharimu jasho. Wahandisi hawawezi kukupa vyote kwa ukamilifu. Wanachofanya ni kuweka mpira mgumu chini ili meno yasipinde, na mpira laini juu panapogusa ardhi, au wa katikati mgumu na wa pembeni laini. Hayo ndiyo matairi ya mipira miwili au mitatu.

Kampuni zimejaribu kurahisisha mambo. Schwalbe walipoanzisha Addix mwaka 2017 waliweka mistari ya rangi: nyekundu ya kasi, buluu ya katikati, chungwa laini, zambarau laini zaidi. Maxxis wana MaxxSpeed, MaxxTerra na MaxxGrip, kutoka wa haraka hadi wa kunata. Yaani taarifa ipo. Imechapishwa ubavuni mwa tairi au kwenye kadi yake. Kazi yako ni kuinama na kusoma.

Na kama huna durometa, una ukucha. Bonyeza jino la tairi kwa ukucha na uangalie. Alama ikipotea papo hapo kama mpira wa tenisi, huo ni wa kasi. Ikirudi polepole, huo unashika. Usipoweza hata kuacha alama, umeshika kwato. Fanya hivyo hasa kwa matairi yaliyoning'inizwa nje ya duka miaka mingi. Jua na hewa huuzeesha mpira, ukawa mgumu na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Tairi la bei ya chini lililokaa juani si nafuu.

Tahadhari moja ili nisije nikaitwa mhubiri. Usikimbilie laini kuliko vyote. Mpira huwa mgumu baridi inapozidi, na ile michanganyiko laini kabisa inawafaa sana watu wanaoendesha kwenye mawe yenye maji karibu na nyuzi sifuri. Sisi hatuko huko. Kwa wengi wetu, mchanganyiko wa katikati upande wa laini unatosha mbele. Na ukiingia kwenye ule udongo wetu mweusi unaonata baada ya mvua, mpira laini hautakuokoa. Hapo ni meno marefu yaliyoachana, au ni kubeba baiskeli begani. Mpira laini unajilipia kwenye mawe, kwenye ardhi ngumu iliyokauka, na kwenye mizizi yenye unyevu kama ile ya Karura, yaani pale ambapo meno hayana mahali pa kuchimba.

Pili, upana

Kati ya 2.1 na 2.4 kuna kama milimita saba, unene wa penseli. Watu wanacheka: penseli moja tu? Ndiyo, penseli moja, lakini fuateni hesabu.

Chukua uzito wa kilo 40 kwenye gurudumu la mbele. Presha ya 30 psi ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita mraba. Gawanya: tairi linagusa ardhi kwa sentimita mraba 19 hivi. Shusha hadi 20 psi, ambayo ni kama kilo 1.4, na sasa linagusa kwa 28 na ushee. Umeongeza karibu nusu ya eneo bila kununua chochote. (Hesabu hii ni ya makadirio, maana ukuta wa tairi nao hubeba kidogo, lakini mwelekeo ni huo.) Basi kwa nini tusishushe presha kwenye tairi jembamba? Kwa sababu halina kina. Ukigonga jiwe, rimu inafika chini, tyubu inatobolewa matundu mawili kama iliyong'atwa na nyoka, au rimu yenyewe inapinda. Upana unakupa hewa zaidi chini ya rimu, na hewa hiyo ndiyo inayokuruhusu kushusha presha. Kwa hiyo mnaoweka tairi pana kisha mnalijaza upepo hadi linalia kama ngoma, mmenunua penseli bure.

Mtaniambia kwamba tairi pana ni zito na linachelewesha. Zito, ndiyo: tairi jepesi la 2.1 huwa na gramu 500 hadi 600, la 2.4 lenye ukuta wa maana linaweza kukaribia kilo. Tofauti hiyo ni chini ya chupa ya maji ya nusu lita. Kunywa maji kabla ya kuanza kupanda, tumemaliza. Kuhusu kuchelewesha, kwa presha ile ile na mpira ule ule, tairi pana huviringika vizuri kuliko jembamba kwa sababu halijipindi sana. Na wale wanamashindano wa mbio za nyikani mnaowataja kila mara, waliokuwa wakitumia 2.1 au pungufu miaka ya 2000, leo wengi wao wako kwenye 2.35 na 2.4. Wao wanashindania sekunde. Wewe unashindania kufika nyumbani ukiwa na mitulinga miwili.

Kabla ya kununua, angalia mambo mawili. Kwanza rimu. Tairi la 2.4 kwenye rimu nyembamba ya milimita 19 ndani hukaa kama uyoga na kuyumba kwenye kona. Linataka rimu ya 25 hadi 30. Ukiwa na baiskeli ya zamani yenye rimu nyembamba, kaa kwenye 2.25 lakini tafuta mpira laini. Pili foku: hakikisha kuna nafasi ya kidole kila upande, maana matope nayo yanataka njia ya kupita.

Na tafadhali soma milimita, msisome inchi pekee. Inchi zimejaa uongo wa kihistoria. Black Mamba ya babu ina magurudumu ya "28", na kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa ni milimita 635. Baiskeli ya kisasa ya "29" ni milimita 622! Ndiyo, 28 ni kubwa kuliko 29. Kama mngeniletea programu yenye hitilafu kama hiyo ningeirudisha siku hiyo hiyo. Ubavuni mwa tairi tafuta nambari kama 61-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Hizo hazibishani.

Hoja ya mfuko

Hoja pekee ya wapinzani wangu ninayoiheshimu ni ya pesa. Mpira laini huisha haraka, na pesa za tairi moja zuri zinaweza kununua mawili ya kawaida. Kweli. Lakini tairi la mbele huisha polepole kuliko la nyuma, kwa sababu halisukumi na halibebi sana. Kwa hiyo nunua moja tu, si mawili. Weka zuri mbele. Nyuma acha hilo hilo gumu ulilo nalo, jembamba kidogo ukitaka kasi. Nyuma likiisha, hamishia kuukuu la mbele nyuma, kisha nunua jipya la mbele. Kila shilingi yako inaanza kazi pale inapookoa mfupa, kisha inastaafu pale inapovumilia. Kinyume chake ni kulipia hospitali, na huko hakuna anayekuuliza kama unataka ya bei nafuu.

Rafiki yangu amerudi kwenye baiskeli. Mbele ana 2.4 ya mpira laini wa wastani, psi 22, bila tyubu. Yeye ni wa kilo 75 hivi. Nyuma bado ana lile jembamba nililomshauri. Jumamosi iliyopita tulifika kwenye ile kona. Alipunguza mwendo, akainamisha baiskeli, changarawe zikalia chini ya tairi, akapita. Upande wa pili alisimama kunisubiri. Hakusema lolote, na mimi pia sikusema.

Kwa hivyo ombi langu kwenu mnaoshauri wenzenu, ofisini, barabarani, popote: mtu akikuuliza tairi la mbele, usimjibu bila kuinua macho kama nilivyofanya mimi. Muulize anapita wapi, rimu yake ina upana gani, mpira ni upi. Gramu ziwe swali la mwisho. Ukiwa na hoja ya kunipinga, ilete, ila kwanza nenda ukabonyeze ukucha kwenye tairi lako la mbele.

Hifadhidata wiki ijayo. Panapo majaliwa.